Gitaa linavuma baada ya kubadili nyaya: anza kwa kushika nyuzi

Umebadili pikapu (kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi za gitaa la umeme), umelehemu upya, umechomeka jeki, na spika inavuma hata kabla hujapiga noti. Usikimbilie Kariakoo kutafuta pikapu nyingine. Fungua volyumu ya gitaa mpaka mwisho, kisha laza kiganja juu ya nyuzi na usikilize.

Mvumo ukipungua sana, ethi ya nyuzi inafanya kazi. Usipobadilika hata kidogo, waya unaotoka kwenye daraja, yaani chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, umekatika au haukushika. Ukizidi unapogusa chuma, nyaya mbili za tundu la jeki zimepishana: wa sauti unatakiwa kwenye ulimi unaogusa ncha ya jeki, wa ethi kwenye pete inayoshika shingo yake.

Hakikisha kwa mita. Chomeka kebo kwenye gitaa, upande wa pili uache wazi. Weka mita kwenye omu 200, gusa daraja na shingo ya jeki iliyo wazi: isome chini ya omu 2. Kisha panda hadi kiloomu 20, pima kati ya ncha na shingo. Pikapu ya koili moja kwa kawaida husoma kiloomu 5 hadi 8. Sifuri maana yake sauti imegusa ethi mahali fulani. Hapo utapata ukimya, si mvumo.

Waya wa daraja ndio wa kwanza kushukiwa. Kwenye gitaa aina ya Stratocaster hulehemiwa kwenye kibati kinachoshika springi. Kwenye lile la Telecaster mara nyingi hubanwa tu chini ya bati la daraja, na kwa hewa ya chumvi ya Dar pale panaota kutu. Kwangua waya na bati mpaka ving'ae, ndipo ufunge skrubu.

Mgongo wa poti (kile kinachozungushwa na kitufe cha volyumu), ambako nyaya za ethi hulehemiwa, ndio unaowashinda wengi. Chuma cha kulehemu cha wati 25 hakitoshi, kwa sababu lile bati linanyonya joto na risasi inabaki juu kama tone la nta, kijivu, bila kushika. Tumia wati 40 hadi 60 chenye ncha pana. Piga msasa, paka rosini, weka risasi kwenye bati peke yake na kwenye waya peke yake, halafu viunganishe. Sekunde 3 hadi 5 zinatosha. Ukishindwa, acha poti ipoe kabisa kabla ya kurudia. Joto jingi huharibu kaboni iliyo ndani.

Kwa hambaka (pikapu ya koili mbili) ya nyaya nne, usifuate rangi kwa mazoea, maana kila kampuni ina zake. Seymour Duncan: nyeusi ni sauti, nyekundu na nyeupe huunganishwa na kufunikwa, kijani na ule usio na ganda ni ethi. DiMarzio: nyekundu ni sauti, nyeusi na nyeupe huunganishwa, kijani na ule usio na ganda ni ethi. Kiungo cha zile nyaya mbili zilizounganishwa kikigusa ethi, koili moja inazimika na hambaka inavuma kama pikapu ya koili moja.

Pikapu ya koili moja itavuma kidogo hata ukiunga vizuri, kwani inanasa hezi 50 za umeme wetu. Tepu ya shaba ndani ya mashimo ya gitaa yenye pikapu na nyaya husaidia dhidi ya mikwaruzo ya taa na chaja, mradi vipande vyote vimeungana na kufika ethi. Mvumo wenyewe wa transfoma tepu haiuzuii. Sogea mbali na amplifaya, geuza mwili.

Na tafadhali, usikate pini ya ethi ya amplifaya ili kunyamazisha mvumo. Nyuzi zako zimeungwa na bodi yake ya chuma. Hitilafu ikileta volti 230 kwenye bodi hiyo, njia yake ni mikono yako hadi mdomo unaogusa maikrofoni. Kama mvumo unakuja pale tu amplifaya na mikisa zinapounganishwa, zichomeke zote kwenye ekstensheni moja yenye ethi nzima.