Fundi Akihamishwa, Ujuzi Anauacha Wapi? Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lindi na Mtwara, na karibu zote zinazunguka neno moja: mji janja, yaani mji unaotumia kompyuta na mitambo kuendesha huduma zake. Nimechagua sita. Zinahusu mifumo ya kompyuta inayotunza maarifa ya watu na kumsaidia mwenye dhamana kuamua, awe mkuu wa kitengo cha TEHAMA, mwenyekiti wa mtaa au mkulima wa korosho. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa mwenyewe.

"Kitengo chetu cha TEHAMA kina watu watatu, lakini anayejua kila kitu ni fundi mmoja. Akienda likizo, ofisi inasimama. Bosi amesikia kuna mfumo unaosaidia kufanya maamuzi, anataka tununue. Tuanzie wapi?" (Afisa TEHAMA, Lindi)

Msinunue kitu bado. Anzeni na huyo fundi, kabla barua yake ya uhamisho haijafika.

Mfumo wa namna hiyo una sehemu kuu mbili. Kuna ghala la maarifa, yaani taarifa za vifaa vyenu pamoja na kanuni za "ikiwa hivi, basi vile". Halafu kuna injini inayozipitia kanuni hizo na kutoa ushauri. Injini mtaipata, nyingine hata bure. Ghala haliuzwi dukani, maana limo kichwani mwa fundi wenu. Edward Feigenbaum wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa walioanzisha DENDRAL mwaka 1965, mfumo wa kutambua muundo wa molekuli, aliligundua hilo mapema: kazi hukwama pale pa kuyatoa maarifa kwa mtaalamu na kuyaandika.

Nami nimeliona. Ofisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na jenereta lililokuwa linagoma kila mvua za kwanza zikinyesha. Dawa yake aliijua mzee mmoja tu: anafungua vichwa vya betri, anavikausha kwa kitambaa, anasubiri kidogo, linawaka. Alistaafu Ijumaa. Jumatano umeme ukakatika, seva zikazima, na tulikaa siku mbili tukikusanya fedha kwa kuandika kwenye karatasi. Miaka yote ile tulimwita aje kuwasha, na hatukuwahi kumuuliza anawashaje.

Kumuuliza nako kuna namna yake. Ukimwambia fundi "tueleze unavyofanya kazi", atakujibu "naangalia tu". Mwekeeni mezani matatizo kumi ya karibuni, mchukue moja moja. Uliona nini kwanza? Ukahisi nini? Ulikagua nini ili uwe na uhakika? Ni kitu gani kingekufanya useme hapana, siyo hilo? Andikeni kwa maneno yake mwenyewe. Mtatoka na kanuni kama hizi: ikiwa kompyuta zote za ghorofa moja hazina mtandao na taa za swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi) zimezima, basi kagua umeme wa swichi kabla ya kumpigia mtoa huduma. Ikiwa swichi inawaka na kompyuta zinaonana zenyewe kwa zenyewe lakini hakuna inayotoka nje, basi nenda kwenye rauta, kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, na laini ya nje. Ikiwa na jirani anayetumia kampuni nyingine amekwama, basi tatizo si lenu.

Hiyo ya mwisho mnaijua. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Hakuna fundi wa Lindi ambaye angeunga nyaya zilizo chini ya bahari ya kusini. Lakini mwenye kanuni ile mkononi angejua mapema kwamba hana sababu ya kufungua rauta, na angewawahi wahasibu wajipange kwa Jumatatu.

Kwa miezi mitatu ya kwanza jedwali la kawaida la kompyuta linatosha: dalili, sababu, tiba, nani alithibitisha, tarehe. Tarehe msiiache. Kampuni ya Marekani ya DEC ilianza mwaka 1980 kutumia XCON, mfumo wa kupanga vipuri vya kompyuta za VAX kulingana na oda ya mteja. Uliwasaidia sana, lakini kanuni zake ziliongezeka kutoka mamia hadi maelfu, na kuzitunza kukawa kazi ya kudumu ya kundi zima la watu, kwa sababu bidhaa zilikuwa zinabadilika kila mara. Kanuni iliyoandikwa kwa swichi mliyoitoa mwaka juzi itawapoteza njia.

Bosi naye mwambieni jedwali hilohilo litamsaidia kwenye bajeti. Ataona kifaa kipi kinajirudia, kimesimamisha huduma zipi, na kwa saa ngapi. Hapo ataamua kwa ushahidi kama anunue kipya au atengeneze cha zamani. Halafu, kama bado mnataka mfumo mkubwa, mtaenda sokoni mkijua mnachokitafuta.

"Akili mnemba ya kwenye simu inanijibu chochote ninachouliza. Kwa nini watu wahangaike kuandika kanuni moja moja?" (Mwanafunzi wa chuo, Mtwara)

Mwanangu, kwa sababu kuna maamuzi ambayo ni lazima mtu aweze kuuliza "kwa nini" na kupata jibu analoweza kulikagua.

Stanford, miaka ya 1970, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza MYCIN, mfumo wa kumshauri daktari juu ya maambukizi ya damu na dawa za kuyatibu. Ulikuwa na kanuni kama 500 hivi. Mfumo ulipomuuliza daktari swali, naye aliweza kuusimamisha na kuuliza: kwa nini unataka kujua hilo? Mfumo ulimwonyesha kanuni unayoifuata. Wataalamu walipoulinganisha na madaktari kwa kesi halisi, ushauri wake haukuwa nyuma ya wa mabingwa. Hata hivyo haukuwahi kuingizwa kwenye kazi za kila siku za hospitali. Kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito, kuingiza taarifa za mgonjwa kulichukua muda mrefu, na swali la nani atawajibika lilibaki wazi.

Akili mnemba unayoitumia imejifunza kutokana na maandishi mengi mno, na inatunga jibu linaloelekea kufaa. Haijui seva ya ofisi yako iko chumba gani. Inaweza kukujibu kwa kujiamini kabisa na ikawa imekosea. Mimi naitumia kwa rasimu na kwa kutafuta ndani ya nyaraka ndefu. Ila uamuzi wa kuzima pampu ya maji ya mji mzima upite kwenye kanuni zilizoandikwa, zinazosomeka, na mtu aliyetajwa kwa cheo chake atie saini. Siku hizi wengi wanaviunganisha: akili mnemba inachambua malalamiko ya wateja na kuyapanga, kisha kanuni ndizo zinazosema hatua gani ichukuliwe.

"Tunaambiwa Mtwara itakuwa mji janja. Mtaa wangu uko bondeni, mvua ikinyesha usiku tunapandisha watoto juu ya meza. Kamera na mitambo vitatusaidia nini?" (Mwenyekiti wa mtaa, Mtwara Mikindani)

Mwenyekiti, kamera haizibui mtaro, na hasira yako naielewa. Lakini nisikilize kidogo.

Rio de Janeiro, Brazil, ilipigwa na mvua na maporomoko ya udongo Aprili 2010, watu wengi wakafa. Mwisho wa mwaka huohuo mji ukafungua kituo cha uendeshaji, idara zipatazo 30 zikawekwa chini ya paa moja: hali ya hewa, barabara, uokoaji, usafi. Picha zake za skrini kubwa ukutani zilisambaa dunia nzima. Mimi kilichonivutia ni vipimo vya mvua na ving'ora vilivyowekwa kwenye mitaa ya milimani. Waliamua kabla ya mvua kwamba ikifika kiwango fulani, king'ora kinalia na wakazi wanakwenda mahali palipokwisha kutajwa. Usiku wa manane hakuna anayeanza kubishana.

Jambo hilo mtaa wako unaweza kulianza, na maarifa mnayo. Waulizeni wavuvi wa Mikindani na Msangamkuu. Wao wanajua bamvua na maji mafu bila kutazama simu. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya bahari hupanda zaidi, na mtaro unaomwaga baharini hauwezi kumwaga wakati bahari imejaa. Mvua kubwa ikikutana na saa ya maji kujaa wakati wa bamvua, maji ya mvua hayana pa kwenda, yanarudi nyumbani kwako. Basi andikeni kanuni: ikiwa Mamlaka ya Hali ya Hewa imetabiri mvua kubwa, na ni siku za bamvua, basi mtaro usafishwe leo, na wazee, wagonjwa na wajawazito wa nyumba za chini walale shuleni au kwa jamaa kabla ya magharibi. Jedwali la maji kujaa na kupwa linapatikana. Nyumba zenu zina namba tangu kazi ya anwani za makazi iliyofanyika kuelekea sensa ya Agosti 2022, kwa hiyo hata orodha ya nyumba za chini inaweza kuandikwa bila kuelekezana kwa "kule kwa mama fulani, karibu na mwembe".

Mfumo wa kompyuta unafanya hayohayo kwa mitaa yote kwa pamoja, na ndipo vihisi vya kina cha maji mtaroni vinapokuwa na kazi. Vikitangulia kabla ya kanuni, vitatoa namba ambazo hakuna aliyepangiwa kuzifanyia kitu.

Kuna jingine linaloniuma. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia, Mtwara ilipewa tahadhari, shule zikafungwa, watu wakahama. Kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na huko kikaua. Kwetu wapo waliosema tulihamishwa bure. Si kweli! Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, na siku ile kuhama kulikuwa sahihi. Ndiyo maana nasisitiza ghala la maarifa litunze na sababu za uamuzi pamoja na matokeo yake. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, na mikoa yetu miwili ikatengwa. Je, katika mtaa wako kuna aliyeandika maduka yalikaa siku ngapi kabla ya bidhaa kwisha, na ni bidhaa ipi ilitangulia? Kumbukumbu hiyo ndiyo ingesema ghala la dharura liwekwe nini.

"Sasa mnada wa korosho uko kwenye mtandao. Huo mfumo wa maarifa utatupandishia bei?" (Mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, Tandahimba)

Hapana. Mnada kupitia mfumo wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, tangu msimu wa 2024 unawakutanisha wanunuzi na mzigo ulioko ghalani. Bei inategemea soko na ubora wa korosho yako. Maarifa yatakusaidia shambani, kwenye ubora. Ukiona unga mweupe kwenye maua na majani machanga, huo ni ubwiriunga, dawa yake ni salfa, na hupulizwa asubuhi mapema upepo umetulia. Ukiona vidonda vyeusi kwenye machipukizi na yanakauka, huyo ni mbu wa mikorosho, na salfa haimuui. Kanuni mbili hizo pekee zinaokoa fedha na maua. Kwa vipimo, muulize afisa ugani au watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, wako karibu nawe.

"Nimeandikishwa kila mahali, jina, simu, biashara. Mfumo ukija kuniamulia ushuru au mkopo, nitajiteteaje?" (Mfanyabiashara, soko la Lindi)

Mama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Inakupa pia nafasi ya kupinga uamuzi mzito juu yako unaofanywa na mashine peke yake. Andika barua, omba waeleze kanuni iliyotumika, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukipuuzwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

"Mimi ni mzee. Wataalamu wenye mashine walishakuja hapa kwetu na wakaondoka. Hawa wa sasa wana tofauti gani?" (Mzee, Nachingwea)

Shikamoo mzee wangu. Nadhani unausema Mpango wa Karanga. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza mamilioni ya ekari zilimwe karanga. Kazi ikaanza 1947 Kongwa, ikafika Urambo na huko kwenu. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Kongwa mvua ikawa haba, na udongo ukiisha kukauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya pauni yamekwisha. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Bandari tunayo, reli iling'olewa.

Hawakukosa hesabu wala mitambo. Walikosa kumbukumbu za mvua za miaka mingi, na hawakukaa chini na waliokuwa wakilima pale. Tofauti ya hawa wa sasa itaonekana kwenye jambo hilohilo: kama watafika kwako na daftari kabla ya kufika na mashine. Wakati tunawasubiri, mzee, mwite mjukuu anayejua kuandika. Mtajie miaka ya ukame unayoikumbuka, miaka ambayo mto ulivuka kingo, ulifika mti gani au nyumba ya nani, na mlipanda nini kikastahimili. Nakala moja mwachie mtendaji wa kijiji. Nyingine nitumieni mimi, nitaichapa hapa.