Nikidai mirathi ya baba nitakuwa nimekata udugu?

SWALI: Assalam alaykum shekhe. Baba alifariki mwaka juzi, ameacha mama, sisi mabinti wawili na kaka zetu watatu. Kaka wanasema sisi tulioolewa hatuna chetu kwenye shamba na nyumba ya Likoni, mali itahamia ukoo mwingine. Mimi nimeachika na nina watoto wanne. Nikidai mama analia, anasema nitakata udugu.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, Allah amrehemu mzee na akufanyie wepesi. Hukati udugu hata kidogo, anayeukata ni anayekunyima. Nalijibu kwa urefu maana maneno haya nayasikia kwenye matanga mengi, na wanaoyasema wanaswali safu ya mbele.

Surat Nnisaa aya ya 1 Allah anatuonya na kukata udugu wa damu, halafu aya ya 7, sura hiyohiyo, anasema wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo kiwe kingi. Sasa mtu anashikaje ile ya kwanza akaifutia ya saba?

Eti ukoo mwingine! Kwani watoto wako si wajukuu wa marehemu? Sa'd bin Rabi' aliuawa Uhud, ndugu yake akachukua mali yote, mjane akaja kwa Mtume (s.a.w.) na mabinti zake wawili kushtaki. Mtume akamwita yule ami akamwambia wape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni (moja ya nane), kinachobaki ndio chako. Hakumwambia yule mama akavumilie asije akavunja ukoo. Hoja ya kaka zako ni ya jahiliya, wakati anayerithi ni mwanamume wa kubeba silaha, Uislamu ukaja kuivunja na sisi tunairudisha tukiwa na kanzu.

Kwenu, ikiwa babu na bibi waliomzaa baba yenu hawako hai, yakishatolewa madeni na wasia mali inakuwa mafungu 64: mama 8, kila kaka 14, kila binti 7. Kaka anapata mara mbili, hilo halina mjadala, lakini anapata na mzigo wa kulisha, na wewe umeachika na watoto wanne, basi wajiulize wamekuletea nini.

Na wakikuletea karatasi ya "nimesamehe" usisaini kwa haya. Mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na machozi ya mama si ridhaa. Ukitaka kumwachia kaka, pokea kwanza kisha umpe mwenyewe kwa moyo.

Anza na mama, kwa upole, muoneshe kuwa na yeye ana fungu lake analonyimwa. Kisha mwombe ami au imamu azungumze nao, nyumba ithaminiwe, wanaotaka kuibakisha wawalipe nyinyi mafungu yenu. Wakikataa kuna Mahakama ya Kadhi, katiba ya Kenya kifungu cha 170 imeipa kazi ya mirathi ya Waislamu, na kwenda huko si uadui. Huku ukidai endelea kuwasalimia, wapigie simu, watoto waende kwa wajomba zao Idd, hiyo haki yao kwako haijaondoka kwa kosa lao.

Ila leo ulizia hati ya shamba iko kwa nani, na uende ofisi ya ardhi uombe iwekwe kizuizi, lisije likauzwa mkiwa bado mnazungumza.