Nilijiita huru, nikaachwa nje ya mchujo

Msomaji mmoja wa New York, raia mpya, ameniuliza: kwenye fomu ya kujiandikisha kupiga kura, sehemu ya chama ajaze nini? Ndugu yangu, umenitonesha kidonda.

Mimi niliweka alama kwenye "sitaki chama chochote", nikajiona mjanja kweli. Mtu mzima na akili zangu, chama cha nini? Kila Novemba nilipiga kura bila shida. Kisha ukaja mchujo wa Juni, yaani kura ya ndani ya chama ya kuteua mgombea wake wa Novemba. Saa kumi na mbili asubuhi nipo kituoni, nimevaa vizuri kabisa. Karani akalitafuta jina, akanitazama kwa huruma: "Huna chama." Nikabishana mpaka foleni ikaanza kuguna. Mwishowe nikapewa kura ya kiapo, ile unayoapa kwamba una haki ya kupiga, kisha wakaguzi waamue kama itahesabiwa, nikaijaza kwa hasira. Baadaye ikaja barua: haikuhesabiwa.

Kilichoniuma zaidi ni mdogo wangu. Aliapishwa uraia Mei, akajiandikisha kwa mara ya kwanza, akachagua chama, akapiga kura Juni hiyohiyo. Mimi mkongwe, kwa kuwa nilishakuwamo daftarini, nilitakiwa kubadilisha sehemu ya chama kufikia tarehe 14 Februari. Siku ya wapendanao, jamani! Na hiyo ni nafuu: waliotaka kubadili chama kwa ajili ya mchujo wa Aprili 2016 walitakiwa wawe wamebadili tangu Oktoba 2015.

Shemeji yangu yuko New Jersey, ng'ambo ya Mto Hudson tu, naye hakuwa na chama. Kule mtu kama yeye anataja chama palepale kituoni, anapiga kura. Texas hata hawaandikishi wapiga kura kwa chama. Basi msiulizane sheria na binamu wa jimbo jingine!

Sina ugomvi na mchujo uliofungwa kama wetu, wanaopiga ni waliojiandikisha na chama hicho tu. Chama ni chao, wachague wao mgombea wao. Lakini wewe jaza chama. Hulipi ada, hununui kadi, na Novemba unampigia umtakaye. Katika Jiji la New York, ambako chama cha Democratic kina watu wengi mno, mara nyingi aliyeshinda mchujo wake ndiye anayeshinda Novemba. Ukikosa Juni, unafika sahani zinaoshwa. Jaza chama, narudia, na hiyo tarehe ya Februari uiandike pahali utakapoiona.

Fomu yangu ya kubadilisha nimeshaipeleka. Ile barua bado iko mlangoni pa jokofu. Mke wangu hataki iondolewe.