Bunduki ya nyati na darubini ya mara 24

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Buswelu, hapa Mwanza. Nina bunduki ya .30-06 niliyoachiwa na marehemu baba, nimeshabadilisha umiliki polisi na kibali kiko kwa jina langu. Nimepiga nayo swala kadhaa na pofu mmoja, yule swala mkubwa. Sasa nataka kuomba leseni ya nyati. Kuna mtu ananiuzia darubini ya bunduki inayokuza kuanzia mara 6 hadi mara 24, kioo cha mbele milimita 50. Anasema nikiifunga juu ya .30-06, nyati hana pa kukimbilia. Ninunue? Au niuze bunduki ya mzee nitafute yenye risasi nene zaidi, ya .375?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo darubini mrudishie mwenyewe, na kama hujailipa, usiilipe. Ni chombo cha mtu anayelala kifudifudi kulenga karatasi umbali wa mita 600. Nyati humpigi hivyo. Katika miaka yangu ya uwindaji bingwa, nyati wengi niliosimama mbele yao walikuwa kati ya mita 30 na 80, kichakani, na mara nyingi nikiwa nimebakiwa na sekunde tatu au nne za kuamua.

Piga hesabu. Darubini ya aina hiyo ikiwa kwenye mara 6, yaani pale inapokuza kidogo kabisa, inakuonyesha upana wa mita 6 hivi kwa umbali wa mita 100. Mnyama akiwa mita 40, upana unabaki mita mbili na ushee. Mwili wa nyati dume unajaza kioo chote. Utaona ukuta mweusi wa ngozi yenye matope, usijue kama ni bega au tumbo, wala kama ni yule dume uliyemchagua au jike lililopita mbele yake. Ukijeruhi tumbo, siku yako imeharibika, na ya askari wa wanyamapori uliye naye pia.

Unachotaka ni darubini inayoanzia mara 1 au mara 1.5 na kuishia mara 4, 5 au 6. Kwenye mara 1 unalenga macho yote mawili yakiwa wazi, unaona msalaba wa kulengea na unaona pori zima. Wala usihofu kwamba kioo cha mbele ni kidogo, milimita 24 tu. Chukua kipenyo cha kioo cha mbele, gawanya kwa idadi ya ukuzaji: 24 kwa 4 ni milimita 6 za mwanga unaofika jichoni. Ile kubwa ya milimita 50, ukiipandisha hadi mara 24, inakupa milimita 2 tu. Jioni kiza kikianza, mboni yako inafunguka kuzidi hapo sana, kwa hiyo utaona giza na kubwa lako hilo.

Dukani usiijaribu kwa kuangalia dari. Muombe muuzaji mtoke nje saa moja kasoro robo jioni, mtazame kivuli chini ya mawe makubwa kama yale ya Capri Point. Ukiona nyufa za jiwe ndani ya kivuli, kioo ni kizuri. Nenda na darubini peke yake. Ukionekana pale na bunduki nzima unachungulia, usiku huo utalala kituoni.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji ni nafasi ya jicho, yaani umbali kutoka kioo cha nyuma hadi jicho lako. Kwa .375 usikubali chini ya sentimita 9. Mimi nina kovu la nusu mwezi juu ya nyusi ya kulia. Nililipata kwa bunduki kubwa ya .458 ya kuazima, yenye darubini ya nafasi ndogo ya jicho, nikiwa nimekaa chini nalenga juu ya kilima. Bunduki iliporudi nyuma ikanichana hadi mfupa. Nyumbani waliuliza ni mnyama gani, nikanyamaza.

Sasa bunduki yenyewe. .30-06 ni risasi nzuri sana, ipo tangu 1906, lakini nyati siyo kazi yake, na kanuni zetu hazikuruhusu: kwa nyati kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi, isipungue .375. Risasi ya .30-06 ina uzito wa gramu 11.7 hivi na inatoka na takriban jouli 3,900. Ya .375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ina gramu 19.4 na takriban jouli 5,700. Uzito huo ndio unaovunja bega na bado ukasonga hadi moyoni. Atatokea mtu akusimulie Karamojo Bell, mwindaji wa tembo wa zamani, aliyeua mamia ya tembo kwa kaliba ya milimita 7. Ni kweli. Ila Bell alikuwa akipasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na zama zile si zetu.

Jihadhari na bunduki ya 9.3x62. Naipenda, na utaikuta kwa bei nafuu, lakini milimita 9.3 ni inchi .366. Imekosa mstari kwa unywele.

Tafuta .375 yenye bolti (komeo linalosukuma risasi ndani) ya mtindo wa Mauser 98, ile yenye ukucha mrefu unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini. Iwe na vilengeo vya chuma pia, na pete za darubini zinazofunguka kwa mkono, kwa sababu darubini ikivunjika porini hakuna fundi. Hakikisha inakukaa: itoe risasi zote, tia kidole chemba, pale risasi inapokaa, uhakikishe, fumba macho, ipandishe begani, fumbua. Kama huoni duara zima la kioo bila kusogeza shingo, kitako si chako au darubini imekaa pabaya.

Kwenye kufunga, futa mafuta kwenye skrubu kwa spiriti kabla ya kukaza. Halafu nafanya kitu ambacho binti yangu hunicheka: nachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, napiga mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukikatika, skrubu imelegea. Teke la .375 hulegeza vingi. Na kwa unyevu wa ziwa letu, darubini ya mitumba itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache. Ikitoa viputo, hewa kavu iliyojazwa kiwandani imeshatoka na kioo kitaota ukungu.

Weka sifuri, yaani rekebisha darubini ili risasi ipige pale unapolenga, ukiwa uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, kwanza mita 25, kisha mita 100. Klik moja ya kitufe cha darubini, ya robo dakika ya pembe, inasogeza risasi milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo kwenye mita 25 utahitaji klik nne kupata kiasi kile kile. Ukimaliza, achana na meza. Piga ukiwa umesimama, mtutu juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, maana ndivyo utakavyompiga nyati: fuata mguu wa mbele kwenda juu, theluthi ya chini ya kifua.

Maeneo yaliyo wazi kwa wenyeji waulize TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au afisa wanyamapori wa wilaya kabla hujatoa hata shilingi.

Ya baba usiuze. Mwaka ujao utataka pofu mwingine, na mabega yako yatakuwa yameichoka .375.