Siku 28: kwa mnaoanza kazi ya mikataba kwenye miradi ya barabara, reli na vituo

Kama umeajiriwa juzi kwenye kitengo cha mikataba cha kampuni ya ukandarasi, na mradi wako ni barabara, reli au kituo cha mabasi, naomba nianzie pale nilipoumia mimi.

Kijiko kilikuwa kinachimba msingi wa kituo. Kufika mita moja na nusu hivi, meno yake yakakwaruza bomba la maji ambalo halikuwemo kwenye mchoro wowote tuliopewa. Mhandisi msimamizi akaja, akachungulia shimoni, akasema: "Lizungukeni, endeleeni na kazi, mambo ya karatasi tutamalizana baadaye." Tukalizunguka. Wiki tatu zikaenda, zege la ziada, pampu mbili zikivuta maji usiku na mchana. Barua ya madai niliiandika mwenyewe, nikaijaza picha na hesabu, nikaifikisha siku ya 41. Jibu lilikuwa aya moja: notisi imechelewa. Hakuna aliyebisha kwamba bomba lilikuwepo, wala kwamba kazi ilifanyika.

Miradi mingi ya aina hii hutumia masharti ya FIDIC, yaani mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, au masharti yaliyochota humo. Katika toleo la 1999, kifungu cha 20.1 kinampa mkandarasi siku 28 za kutoa notisi, na hazianzi siku ulipokamilisha hesabu zako. Zinaanza siku ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba tukio limetokea. Zikipita, umekosa nyongeza ya muda na umekosa malipo. Toleo la 2017 limeupeleka utaratibu huo kifungu cha 20.2, notisi imebaki siku 28, ila maelezo kamili ya madai yamepewa siku 84 badala ya 42.

Kosa langu lilikuwa kudhani notisi na madai ni kitu kimoja. Nilikuwa nasubiri risiti za dizeli ya pampu! Notisi haihitaji risiti. Inataka useme nini kimetokea, lini, na kwamba unakusudia kudai muda au fedha. Taja kifungu, ipeleke, rudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Na lile agizo la mdomo lilikuwa na dawa yake kwenye mkataba uleule. Kifungu cha 3.3 cha toleo la 1999 kinasema mkandarasi akipewa agizo kwa mdomo, aliandike na kumpelekea mhandisi ndani ya siku 2 za kazi. Mhandisi naye asipolikataa kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi, barua ile inakuwa ndiyo agizo lake la maandishi. Hata hivyo soma masharti mahsusi, yaani yale yaliyoandikwa kwa mradi wako tu, kabla ya kuegemea hapo, kwa sababu waajiri wa umma (wenye mradi) wengi hupunguza humo mamlaka ya mhandisi na kutaka idhini yao kwanza kwa mabadiliko ya kazi.

Hapa ndipo wageni wengi hukwazika, wakaanza kumwona mhandisi kama tapeli. Yule wetu hakuwa tapeli, naamini alimaanisha alichosema. Lakini fedha ni za umma, na anayeidhinisha malipo atakuja kuulizwa na mkaguzi kwa nini alilipa. Mhandisi akihamishwa, atakayekaa kwenye kiti chake hawezi kutia saini kitu ambacho faili haina. Barua yako inamlinda na yeye pia.

Usitegemee kuokolewa na ardhi kwa sababu tu ilikuwa mbaya. Someni kesi ya barabara na handaki chini ya njia ya kurukia ndege Gibraltar. Mkandarasi, Obrascon Huarte Lain, alisaini mwaka 2008, akakumbana na udongo wenye sumu na mwamba mwingi kuliko alivyotarajia. Mkataba ukavunjwa 2011. Mahakama ya London mwaka 2014 iliona kwamba mkandarasi mzoefu angeyatazamia hayo kutokana na taarifa alizokuwa nazo wakati wa zabuni, na rufaa ya 2015 ikashindwa. Ripoti ya udongo isomwe na mtu anayeielewa kabla bei haijaandikwa.

Kuhusu ardhi yenyewe nitasema moja tu: msiingize mitambo eneo ambalo hamjakabidhiwa kwa maandishi. Mwenye shamba ambaye hajalipwa fidia anaweza kuleta zuio la mahakama, na mitambo italala hapo.

Malipo yakichelewa, usikubali meneja wa saiti afunge geti kwa hasira. Kusimamisha kazi kuna notisi yake, siku 21 katika kifungu cha 16.1. Ukiruka hatua hiyo, mvunja mkataba umekuwa wewe.

Mwisho ni zabuni, ambako vijana hupewa kazi ya kukusanya vyeti. Ukiombwa "urekebishe" barua ya uzoefu wa kampuni, kataa. Kwa Benki ya Dunia huo ni udanganyifu, na tangu 2010 benki tano kubwa za maendeleo, ikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika, zimekubaliana kuheshimiana: kampuni ikifungiwa na moja kushiriki zabuni za miradi yake kwa zaidi ya mwaka, nyingine nazo zinaweza kuifungia. Watu wasiojua chochote kuhusu barua ile watapoteza ajira.

Mradi uliofuata tulikuta nyaya za umeme zisizo kwenye mchoro, saa nane mchana. Saa kumi na nusu notisi ilikuwa imeshapigwa muhuri. Ilikuwa na mistari minne.