Shangazi wa Bustani: Kabichi yangu haifungi

*Shikamoo Shangazi. Naishi Kimara, Dar es Salaam, na ndiyo kwanza naanza bustani. Niliatika kabichi mwezi wa kumi na moja, nikahamisha miche, nikaweka samadi na urea. Majani yamekuwa makubwa kama ungo lakini hayafungi, na yametoboka matundu. Jirani anasema niyafunge kwa kamba. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Kamba iache. Anayefungwa majani ni koliflawa, ili ua lake lisiungue na jua, libaki jeupe. Kabichi hujifunga yenyewe ikipata ubaridi, nyuzi 15 hadi 20 hivi, na wewe uliipeleka moja kwa moja kwenye joto la Desemba na Januari. Mimi ni mtu wa Lushoto. Kwetu kabichi inafunga hata kwa mtu mvivu, na siyo kwamba tuna mikono ya dhahabu. Ni ile hewa ya mlimani. Na hiyo urea uliyomwaga imezidisha majani tu.

Ukiitaka kabichi hapo hapo Kimara, atika mwishoni mwa masika, uhamishe miche Mei au Juni ili ikue wakati wa kipupwe. Duka la pembejeo waulize mbegu chotara inayovumilia joto. Miche ikae kitaluni wiki nne hadi sita, kisha sentimita 60 kati ya mstari na mstari na 45 kati ya mche na mche. Wanaoanza hubananisha, halafu wanavuna vichwa vya ukubwa wa ngumi.

Ila ungeniuliza mapema ningekwambia uanze na chainizi au sukuma wiki. Huko hungoji kitu kifunge, unachuma majani tu. Chainizi ndani ya mwezi hivi uko nayo jikoni. Sukuma ukiichuma kutoka chini na kuacha kile kichomozo cha juu, itakulisha miezi mingi.

Sasa matundu. Geuza jani asubuhi. Ukiona kiwavi kidogo cha kijani, chembamba ncha zote mbili, kiguse: kikijinyonganyonga na kujidondosha huku kikining'inia kwa uzi, huyo ni mtoto wa nondo mgongo-almasi, kipepeo mdogo wa usiku. Akiwa mdogo hamalizi jani, huacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga kama kidirisha. Usikimbilie sumu kali. Huyu mdudu amezoea dawa nyingi mno, na kwenye joto la pwani kizazi kinaisha kwa wiki mbili au tatu tu, kwa hiyo wanaobaki hai wanazaliana upesi. Kwa matuta mawili ya nyumbani, vidole vinatosha: minya viwavi, na mayai madogo ya njano karibu na mishipa ya jani, mara mbili kwa wiki. Kitalu kifunike kwa neti nyepesi. Na nyigu wadogo unaowaona wakizungukazunguka usiwapulizie. Wapo wanaotaga mayai ndani ya viwavi hao, na viwavi hufa. Kule Taita, Kenya, mwaka 2002 watafiti waliachia nyigu wa aina hiyo makusudi wawasaidie wakulima.

Majani yaliyotoboka yanalika. Osha, katakata, tia kitunguu.

*Shangazi, niko Soni. Kabichi zangu zinakuwa njano kuanzia pembeni mwa jani, umbo la herufi V, na mishipa imekuwa myeusi. Kuna dawa?*

Hakuna ya kuiponya. Huo ni uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria, na mara nyingi huja na mbegu. Ng'oa iliyougua, ichome, usiitupe kwenye mboji. Shambani usiingie majani yakiwa na umande, maana utaubeba kwa nguo na mikono. Eneo hilo panda mahindi au maharage kwa miaka miwili mitatu. Sukuma, chainizi na figili ni ndugu wa kabichi, nazo zitaugua vilevile. Na msimu ujao jirani akikupa mbegu, mshukuru tu uende dukani.