Jina la Klasi Lieleze Kitu, Si Rangi Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza tovuti ya wauzaji wa dagaa na mawese wa hapa Ujiji. Klasi ya tangazo la bei, yaani jina linalolitambulisha katika msimbo wa kurasa, niliiita "nyekundu-kushoto", lakini sasa wenye tovuti wanataka tangazo hilo liwe la kijani na lihamie kulia. Je, nibadilishe jina katika kila ukurasa?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, libadilishe, ila usiliite "kijani-kulia", kwa maana utarudi palepale siku rangi itakapobadilishwa tena. Rangi na mahali pa kitu ni mambo ya faili la CSS, yaani faili lenye maagizo ya sura ya kurasa, ilhali jina la klasi linapaswa kueleza kitu chenyewe ni nini. Kwa hiyo "tangazo-bei" litafaa hata tangazo likipewa rangi ya mawese, nawe utarekebisha sura yake katika faili moja tu, na kurasa zote zitafuata bila kuguswa.

Usisahau kistari, kwa sababu "tangazo bei" lenye nafasi katikati husomwa kuwa klasi mbili. Jina usilianze kwa tarakimu, na herufi kubwa na ndogo uziandike kwa namna moja daima.

Kifupisho kama "tb2" nakuomba sana ukiepuke, kwani atakayeirithi kazi yako hatakielewa, na huenda hata wewe mwenyewe usikikumbuke baada ya masika. Majina ya Kiswahili yanafaa kabisa, mradi wote mnaoshirikiana katika kazi hiyo mnayaelewa.